Nilifunga makabati ya jikoni mwenyewe, nikakuta ni nyumba iliyolala

Wakuu, salamu kutoka Bukoto, Kampala.

Haya yametokea jikoni kwangu na sijayatia chumvi. Kama ningetaka kudanganya, ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye hadithi.

Mimi ni Mkenya wa miaka hamsini na kidogo. Nilikuja mji huu kusoma chuo, nikasahau kurudi. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Yaani nina digrii mbili na sijawahi kupigilia msumari ukaingia wote.

Sasa, mke wangu Mama Achieng alipasuliwa goti. Daktari akasema kuinama basi.

Na jikoni kwetu, wakuu, kila kitu kilikuwa chini. Sufuria chini, unga chini, jiko la gesi juu ya kijimeza cha kumfika magotini. Akaenda kupumzika kwa dada yake Tororo wakati mimi nikitengeneza jiko.

"Tafuta fundi," aliniambia kwenye simu.

"Nitafanya mwenyewe."

Akaguna kwenye simu. Kisha: "Nakuja Jumapili. Nikikuta vyombo bado viko chini, narudi Tororo na gari lilelile. Goti langu halielewi hotuba, Baba Achieng."

Ilikuwa Alhamisi.

Nikanunua yale makabati yanayokuja vipandevipande, yamelazwa kwenye boksi. Matatu ya kusimama chini, mawili ya kutundika ukutani. Muuzaji akanipigapiga bega. "Ssebo," akaniita kwa Kiganda, yaani bwana, "hii hata mtoto anafunga." Laiti ningejua kwamba ni onyo.

Nilipofungua boksi la kwanza nikakutana na kitabu cha maelekezo kisicho na neno hata moja. Michoro tu. Mtu mdogo mwenye kipara, anatabasamu, anashika mbao.

Mimi ninayekula kwa maneno nilikigeuza kitabu kile mbele na nyuma kama mtu aliyepewa soda bila kifungulio.

Lakini nikaanza. Na hapa nataka mnielewe, kwa sababu nilishangaa kweli.

Kuna kichuma fulani cha mviringo, kidogo kama kifungo cha shati. Unakitumbukiza kwenye tundu lake, unakizungusha nusu tu kwa bisibisi, na mbao mbili zinavutana zenyewe mpaka huoni mwanya. Hakuna gundi, hakuna msumari. Nilikizungusha, nikakilegeza, nikakizungusha tena, kwa raha tu. Mtu fulani, mbali sana, alikaa akawaza jambo hili mpaka likaiva.

Ijumaa mchana makabati matatu ya chini yalikuwa yamesimama. Kila moja lina miguu minne ya plastiki ya kuzungusha. Nikaikaza yote sawasawa, kwa kipimo cha rula. Mchoro ulikuwa na mishale kwenye miguu, mmoja juu, mmoja chini. Nikaona ni urembo.

Nikafunga milango.

Mlango wa kwanza ukafunguka wenyewe, taratibu, kama mtu anachungulia. Nikaufunga. Ukafunguka. Ule wa jirani yake, nikiuacha wazi, unajifunga.

Nikaweka simu juu ya kabati, ile programu ya kupima usawa. Ikasema pameinama. Nikahitimisha kwamba simu imeharibika. Ndiyo, wakuu. Mwenye digrii mbili.

Wakati huo nilikuwa nimeshachora mstari ukutani wa kutundikia makabati ya juu, nimepima kutoka sakafuni sehemu saba. Nimeshika drili mkononi.

Ndipo Mama Neema akapita mlangoni.

Huyu ni jirani yetu, Mkongo kutoka Bunia, anauza nguo za mitumba soko la Kalerwe. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kujenga. Ananiita Profesa kwa sababu ya miwani tu.

Akautazama mlango unaojifungua. Akatazama mstari wangu. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Profesa, kabati yako haina shida. Nyumba njo inalala," akasema, akiinamisha kiganja kuonyesha mteremko; "njo" ya kwao ni "ndiyo".

"Nyumba haiwezi kulala, Mama Neema. Nimepima kutoka sakafuni."

"Sasa kama chini njo inalala, unapima nini?"

Nikaweka drili chini. Akaenda kwake, akarudi na mpira mrefu mwembamba wa maji, wa plastiki, ule unaopitisha mwanga, umekunjwa vizuri kama kitu kinachotunzwa. Akaujaza maji yenye chai kidogo ili tuone rangi, akaugongagonga mpaka mapovu yote yakatoka.

"Miaka kumi na mbili miye nilikamata mwisho moja, bwana yangu mwisho ingine," akasema. "Hata siku ya kugombana. Hakuna wa kuachilia, maji itamwangika."

Akanipa mwisho mmoja, nikasimama dirishani. Yeye akasimama mlangoni.

Yale maji yakapanda, yakashuka, yakapepesuka kidogo.

Kisha yakatulia.

Wakuu, sijui niandikeje. Hatukuwa tumegusa kitu. Maji yangu na maji yake, jiko zima katikati, yalikuwa yamekubaliana usawa mmoja bila sisi. Nikaweka alama ya penseli ukutani kwangu pale maji yaliposimama, naye kwake. Tukapima kila alama hadi sakafuni.

Tofauti ilikuwa vidole viwili. Jiko lote linateremka kuelekea mlangoni.

Nikakumbuka mishale ya mchoro. Nikapiga magoti, nikazungusha miguu ya upande wa mlangoni ili irefuke, kidogokidogo, Mama Neema akiniamuru kama koplo. Milango ikatulia. Yule mwenye kipara wa kwenye mchoro, ambaye hajawahi kufika Bukoto, alijua kabla yangu kwamba nyumba yangu imelala. Ndiyo maana alitabasamu.

Ule mstari wangu wa vipimo saba tuliufuta. Makabati ya juu tukayatundika Jumamosi kwa kufuata maji.

Jumapili Mama Achieng akaingia na mkongojo wake. Akagusa sufuria zilizo usawa wa kiuno chake, akafungua mlango, akaufunga, ukabaki umefungwa.

Kisha akawasha jiko la gesi, ambalo sasa liko juu ya kabati, akaweka kikaango, akamimina mafuta.

Hapa sina budi kukiri jambo. Kwa miaka tisa mke wangu amelalamika kwamba mafuta yanakimbilia upande mmoja na chapati zinaungua nusu. Kwa miaka tisa nimemweleza, kwa upole wa msomi, kwamba kikaango kimepinda. Nimemnunulia vikaango vitatu.

Mafuta yakatandaa mviringo katikati ya kikaango. Yakakaa hapohapo.

Akayatazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Miaka tisa, Baba Achieng."

Nikaenda kuvuta kiti chake karibu.

Nilichojifunza: kabla ya kusema kitu kimepinda, angalia umesimama wapi unapopima. Na miguu ya kabati huzungushwa.

Sasa semeni nanyi. Nyumbani kwenu ni nani amekuwa akisema jambo lilelile miaka yote, na hakuna aliyekwenda kuchukua mpira wa maji?