Makumbusho ya Kuteleza

Neno lililonitesa Migori miaka ya tisini ni "makumbusho". Padri mmoja wa nchi ya baridi, alipostaafu, aliniachia sanduku la viatu vyenye vyuma virefu chini ya soli, vingine vya mbao, vya enzi za babu yake, pamoja na picha za watu wa zamani wakiteleza juu ya barafu. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nikavipanga katika chumba cha kukodi na kuandika kwa chaki mlangoni: MAKUMBUSHO YA KUTELEZA.

Wiki ileile wakaja akina mama na sukari na majani ya chai.

"Pole sana, mwalimu. Aliteleza wapi? Mtoni?"

Nikawaeleza kwamba hakuna aliyekufa. Wakatazamana, wakanihurumia zaidi.

Nilieleza kila Jumapili, polepole, nikiamini hakuna asiyeelewa akielezwa vizuri. Mchuuzi mmoja wa samaki alinisikiliza mpaka mwisho, akapapasa makali ya chuma, akauliza kama yanaparua magamba.

Kisha mwenye chumba akaja kutoka Homa Bay, mama mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa amepata mtu wa kuhifadhi mahindi humo, akataka nitoke siku hiyohiyo. Viatu vile havikuwa na pa kwenda ila chini ya kitanda changu. Nikamsihi anisikilize kwanza.

"Mama, barafu…"

"Barafu unifundishe wewe? Kila siku naiponda niweke samaki wangu wa mbuta."

"Hii haipondwi. Ziwa lote linaganda."

"Lote?"

"Chukulia lenu limeganda kutoka Homa Bay hadi Asembo, ng'ambo ya pili. Watu wanavaa hivi, wanavuka bila mashua."

Akakalia kiti changu. "Na samaki?"

"Wako chini, hai. Wavuvi wanatoboa shimo."

"Aa! Sasa mbona hukusema ni habari za ziwa? Unaandika kuteleza, watu wanafikiri ni matanga! Na umesoma!"

Mahindi, akasema, yatatafuta kwingine. Kabla sijamaliza kushukuru alikuwa amechukua chaki, akafuta maneno yangu mlangoni na kuandika yake: WATU WALIOTEMBEA JUU YA ZIWA.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, chumba kilijaa kuliko siku zote. Waadventista walisimama hadi barazani, Biblia mkononi, wakitaka kujua, mbali na Yesu na Petro, hao wengine ni akina nani.

Nikashusha pumzi, nikashusha na kiatu cha mbao ukutani, nikaanza upya.