Koti la Mwenzake

Kila anapoitwa kuziba pengo la mkamuaji mgonjwa, kibarua huyu haulizi malipo, maana anayajua: ujira wa siku, na mwenye kazi akirudi, hakuna kazi wala kwaheri. Huuliza koti la mwenzake liko wapi. Hulivaa hivyo hivyo na jasho lake, akaosha kiwele kwa maji vuguvugu, akapasha viganja kwapani huku akinong'ona, "Taratibu, bibie, ni mimi yuleyule." Ng'ombe hunusa mkono wa koti, akashusha maziwa.

Safari hii, katika wiki ya pili ya kuziba pengo, mama mwenye banda la ng'ombe alisimama mlangoni akimtazama, koti limembana mabegani. Tangu aje, ndoo hazijapungua hata kikombe kimoja. "Mwenzako anarudi kesho," alimwambia. "Lakini mkono wako una baraka, mwanangu. Ungevua hilo koti tangu mwanzo, ng'ombe wangekuzoea wewe, nami ningepata sababu ya kukubakisha."

"Ndiyo, mama. Halafu yeye akirudi, wangemnyima maziwa."

Alimaliza chuchu ya mwisho, akalitundika koti kwenye msumari bila kulifua, akalinyoosha kola, akatoka na shati lake jepesi kwenye baridi ya asubuhi.