Jani la Kaburi la Yohanes

"Hivi Mama Adriano, hilo jani la mkweo unalilisha nini? Limenona kama ndama wa Krismasi!"

Aliyeuliza ni Rozina, jirani wa ng'ambo ya kijito, ndoo ikiwa kichwani, na Cornelia alicheka kwa furaha. Ilikuwa Julai, nyasi zote za Ufipa zimeungua kwa baridi, lakini jani lile limetuna, kijani kibichi.

Jani lenyewe si mboga wala ua la bustani. Huota juu huko kwenye miamba ya milima ya Mbizi, vijani vidogo kama punje za ulezi, vimebanana mpaka ukiligusa ni kama mto wa kulalia ulioshindiliwa sufi. Bibi Mariana, mama mkwe wake Cornelia, alilileta zamani, akiwa bado mke mchanga, akalipanda juu ya kaburi la mwanawe wa kwanza, Yohanes, aliyefariki hata jino hajaota. Kaburi liko pembeni mwa ua, mawe tu na msalaba wa mti. Miaka yote hiyo jani halikuzidi upana wa ungo, na Bibi hakuwahi kulimwagilia. Hata macho yake yalipofunikwa na mtoto wa jicho, kila asubuhi alikwenda akaliwekea kiganja, akasali Salamu Maria, ndipo akarudi jikoni kuota moto.

Baridi ya mwaka ule ilipoanza, binti yake alimchukua akampeleka Kabwe, kwenye joto la ziwani. Bibi aliaga kwa neno moja: "Mama Adriano, jani langu usiliguse."

Cornelia alilisikia. Lakini yeye ni mkulima, binti wa wakulima, na alipoona jani linaanza kupata wekundu wa baridi, roho ilimuuma. Watu wasije wakasema mkwe ametelekeza kaburi. Basi akafanya kama Wafipa wanavyofanya shambani. Akalibandua taratibu, akafukia majani mabichi chini yake, akayafunika udongo, ntumba kabisa, tuta la mviringo kama la maharage. Akaongeza na samadi aliyoomba kwa Enock, Msukuma mwenye ng'ombe, kisha akalirudisha jani juu. Kila jioni akalimwagilia.

Mahindi yangemshukuru. Jani nalo lilishukuru kwa muda, likatuna, Rozina akalisifu. Mwezi uliofuata katikati pakawa kahawia. Cornelia alipobonyeza, kidole kilizama, kikatoka na harufu ya ntumba iliyoiva.

Pembeni palibaki kipande kizima, kama kifungo cha koti. Akakichomeka kwenye changarawe ndani ya chungu kilichovunjika, akakificha nyuma ya ghala, na safari hii hakukitilia maji. Halafu akafanya la pili, ambalo lilimuuma kuliko la kwanza. Alipanda Mbizi na jembe, akang'oa jani jingine la upana uleule, mwamba ukabaki na doa jeupe kama kidonda. Akaja akalipanda juu ya Yohanes.

Bibi alirudi na mvua za kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishike mkono."

Wakaenda moja kwa moja kaburini. Kiganja kikatua juu ya jani.

"Limekaza," Bibi akasema. "Baridi ya mwaka huu haikuwa ya mchezo. Mungu akulipe, mwanangu. Umenilelea Yohanes."

Tangu hapo Komunyo ilimshinda. Wenzake wakipanga mstari, yeye alibaki kwenye benchi ameinamia rozari yake. "Umekula kuku wa nani, wewe?" Rozina akamtania njiani.

Jumuiya iliposali nyumbani kwao, Bibi alisimama na fimbo yake akatoa shukrani mbele ya wote. Wapo wakwe wa kugombana nao, alisema, ila wa kwake kapewa na Mungu. Kisha akaongeza, "Mkinizika, nilazeni karibu na mwanangu, na kipande cha jani nililopanda kwa mkono huu mniwekee kifuani." Watu wakasema amina. Cornelia akatoka nje akijifanya moshi umemwingia machoni.

Asubuhi alimkuta Bibi amepiga magoti, kiganja juu ya jani.

"Mama, hilo si lako."

"Unasema?"

"Lako lilioza. Nililitilia samadi. Hilo nimeling'oa mlimani. Nisamehe, mama."

Bibi aliondoa mkono polepole, akaufuta kwenye kitenge. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiliguse."

"Haya."

Akanyanyuka mwenyewe, akajikwaa kwenye jiwe, akakataa kushikwa. Siku zilizofuata alikula ugali aliopikiwa, akashukuru kama ashukuruvyo mgeni, na kiti chake akakigeuza, mgongo ukaelekea kaburini. Cornelia aliona heri angetukanwa. Asubuhi moja akipita na ndoo alimsikia akisali Salamu Maria, kiganja amekiweka kitupu juu ya goti lake mwenyewe.

Hapo akashindwa kuvumilia. Alitua ndoo, akaenda nyuma ya ghala. Kile kipande cha kwenye changarawe kilikuwa hai, kimekaza, bado hakijafika hata upana wa mdomo wa kikombe. Akakileta na chungu chake, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama," akasema, "nipe mkono wako, ushike kilichobaki."