Rangi Niliyopaka Kwenye Difu

Nimechoka kukaa na jambo hili. Pikapu yetu niliiharibu mimi, si shemeji yangu.

Miaka ile madukani hakuna kitu, shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeiendesha kubeba samaki kutoka Mugango hadi Bunda. Maji ya samaki yalidondokea ekseli na difu, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, na yanakula chuma vibaya. Yeye alizipaka oili chafu. Haikupendeza, lakini kutu haikushika.

Maduka ya Musoma yalipojaa tena, nikaona kopo la rangi nyeusi ya kung'aa. Nikapagawa. Nilitaka gari ling'ae mpaka uvunguni.

"Shemeji, huku chini nani anaangaliaga?" aliniuliza. "Mi naona oili inatosha."

Nikamjibu kwamba mambo ya oili chafu yamepitwa na wakati. Nikapaka mwenyewe, mara mbili, nikaziba hata kile kitundu kidogo juu ya difu. Sikujua kwamba difu hupumulia pale, na ukiziba, ikipata joto presha huisukuma oili nje.

Tangu hapo oili ikawa inavujia kwenye magurudumu ya nyuma. Tulibadilisha sili, ile mipira ya kuzuia oili, ikavuja tena. Nikamgombeza shemeji kwamba anajaza oili kupita kiasi.

Siku moja, kwenye mteremko karibu na Bunda, breki zilizolowa oili zikateleza na gari likamshinda. Akaliingiza mtaroni asigonge watu. Mkono wake wa kulia ulivunjika, na haukunyooka tena.

Nikaajiri dereva mwingine. Sili zikavuja vilevile! Fundi akaingia uvunguni, akakwangua rangi kwa msumari, difu ikafoka kama tairi linalotolewa upepo.

"Nani alipaka hapa?" akauliza.

Jamani, nilisema ni shemeji.

Habari zikaenea kwamba yeye ndiye aliyeiharibu pikapu, na hakuna aliyempa gari tena. Akarudi kwao Kiriba, analima muhogo kwa mkono mmoja.

Juzi nilikwenda kwake nikiwa nimejipanga kusema yote. Kabla sijafungua mdomo, akanitangulia.

"Unajua shemeji, nimewazaga sana. Labda kweli nilikuwaga nazidisha oili. Unisamehe."

Nikamaliza uji alionipa, nikaaga.

Ninyi mnaopaka magari uvunguni, kitundu cha difu kiacheni wazi. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla uliyemsingizia hajaanza kukuamini.