Dereva Asiyejaza Tramu

Saa tatu asubuhi, na foleni ya watalii katika kituo cha Martim Moniz imeshapinda kona na kuingia barabara ya pili. Kofia, kamera, chupa za maji, watoto waliochoka kabla safari haijaanza. Wote wanataka kitu kimoja: tramu ya njano, kigari cha reli za barabarani kinachokwea hadi mtaa wa Graça, juu kabisa ya mlima wa Lisbon.

Bi Leopoldina Barradas, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, anaisimamisha tramu yake taratibu. Anavuta breki ya mkono na kujifuta viganja kwenye suruali ya sare. Siku nyingine angepakia watu, kisha angefunga mlango zikiwa zimebaki nafasi nane. Leo haruhusiwi. Pembeni yake amesimama mkuu wake wa kazi, Bwana Quintela, aliyekuja mwenyewe kuhakikisha tramu inajaa.

"Ukiacha hata nafasi moja, Leopoldina, kesho unaendesha basi la uwanja wa ndege," anamwambia kwa sauti ya chini. "Usinilazimishe."

"Mimi nikulazimishe wewe? Mwenye tai hapa ni nani?" anamjibu bila kumtazama.

Kesi yenyewe ndiyo hiyo. Miaka thelathini na moja ya kazi, na mlima aliouzoea kuliko kiganja chake, vyote vinategemea nafasi nane.

Nafasi hizo zina wenyewe. Vituo vichache mbele, karibu na soko la Anjos, husubiri wazee wa Graça. Asubuhi huteremka kununua viazi, samaki na mboga, na kurudi juu ni lazima wapate tramu. Anayeudharau mlima ule hajawahi kuupanda na mkoba wa viazi na magoti ya miaka themanini. Basi lipo, ila kulifikia ni kuvuka barabara kubwa na kupanda ngazi, na hao ni watu wa kupumzika kila baada ya milango mitatu.

Zamani tramu ilikuwa yao, watalii wakiwa wa kuhesabika. Siku hizi tramu hujaa kituo cha kwanza, ikifika sokoni inapita tu.

"Unapita mbele ya mtu aliyekulisha ukiwa mtoto," anasema Bi Leopoldina. "Anakupungia mkono, na wewe unampigia kengele kama mbwa kakaa kwenye reli. Mimi siwezi. Wanaoweza, wanaweza."

Aliyemlisha anamtaja kwa jina: Bi Ermelinda, jirani yao wa zamani kule Graça, ambaye sasa ana miaka themanini na minne. Mama yake Leopoldina alikuwa akifua nguo za watu, akirudi usiku. Mtoto alikuwa akila kwa Bi Ermelinda, supu ya majani na viazi, na mkate wa mahindi.

Leo Leopoldina mwenyewe haishi mlimani. Mshahara wake ni kama euro elfu moja na mia tatu, na mwenye nyumba alipotaka elfu moja kwa chumba na sebule, akafungasha. Anaishi Barreiro, ng'ambo ya mto, na kila alfajiri anavuka kwa boti kuja kuwapeleka watu kwao ambako si kwake tena. Analisema hilo bila kujihurumia, lakini analisema.

Msidhani anawachukia watalii. Nenda usikilize anavyowaambia wale anaowaacha mlangoni. Mimi nimeishi mji huu miaka mingi na sijaona mwongozaji anayemfikia, na hao wengine wanalipwa kwa kazi hiyo.

"Msinune," huwaambia, kwa Kireno, kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza cha kuungaunga. "Kosa lenu ni kutaka kupanda. Tramu hii utamu wake ni kushuka. Chukueni lile basi dogo, liwafikishe Graça. Mji wote mtauona kutoka kule, na mto wake, bure. Mkishiba kuutazama, jioni tramu zinateremka nusu tupu, mtakaa dirishani kama wafalme."

Akimwona mtu anashika tumbo, anaendelea.

"Hoteli yenye picha za chakula mlangoni, piteni mbali. Tafuteni palipotandikwa karatasi mezani, wamejaa mafundi wenye vumbi la saruji. Agiza anachokula fundi. Mkate na zeituni vikiletwa bila kuviagiza, hiyo si zawadi, mama. Ukivigusa umevinunua. Na wakikuletea konokono, wachomoe kwa kijiti cha meno na usiulize maswali."

Wengi hucheka na kwenda zao. Wiki mbili zilizopita, mzee mmoja kutoka Norwei na mkewe walirudi kituoni kumtafuta. Walitaka tu kumwambia kwamba konokono wamekula, tena sahani mbili.

Asiyecheka ni mwongozaji wa kampuni moja ya utalii, kijana wa mwavuli mwekundu. Ameuza safari ya tramu kwa watu ishirini kwa mkupuo, na kila mara Bi Leopoldina anapofunga mlango, kundi lake linakatika vipande viwili. Alikwenda kulalamika. Kanuni iko upande wake: abiria wanapakiwa mpaka tramu ijae. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba watu wa kituo cha sita wanaweza kuwekewa nafasi tangu kituo cha kwanza.

Alhamisi, Bwana Quintela alimwita dereva wake ofisini.

"Nikamuuliza swali moja tu, utaacha tabia hiyo au huachi?" Bwana Quintela ananieleza. "Mtu mwingine angesema nitaacha, halafu angeendelea kimyakimya. Huyu akaniambia siachi. Nikamwambia basi Jumatatu nitakuja mwenyewe kusimamia. Nifanye nini? Nikimwachia yeye, kesho kila dereva ana kanuni yake. Na andika pia kwamba sina dereva mwingine kama yeye. Mvua ikinyesha kwenye ule mteremko, mke wangu nampandisha tramu yake tu."

Sasa ni Jumatatu, na mlango uko wazi. Kijana wa mwavuli mwekundu yuko karibu na mlango na watu wake ishirini, nyuma ya watalii wengine. Bi Leopoldina ameshika mpini wa shaba wa kuendeshea tramu kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Namwona anatazama mbele, kule lilipo soko, ambako baada ya dakika chache atalazimika kuwapita watu wake.

Ndipo sauti inasikika nyuma ya foleni.

"Samahani, wanangu. Tupisheni kidogo."

Ni Bi Ermelinda. Ana fimbo mkono mmoja na mkoba mkono mwingine, majani ya kitunguu yamechomoza juu. Nyuma yake wanakuja wazee wengine, wengi wakiwa wanawake, na wanaume watatu waliovaa kofia. Wametembea kutoka sokoni mpaka hapa, polepole, kwa kuteremka. Nawahesabu kumi na tisa.

Mji huu una dosari zake, lakini mzee hawekwi nyuma ya foleni. Posta, benki, duka la dawa, mzee akitokea watu wanasogea, na asiyesogea atasogezwa kwa macho. Wenyeji waliomo kwenye foleni wanapisha kwanza. Watalii wanaona, nao wanapisha.

"Mama, hii ni foleni," anasema kijana wa mwavuli.

"Naiona, mwanangu. Macho bado ninayo."

"Lakini nyie si mnapandia sokoni?"

"Tulikuwa tunapandia sokoni tulipokuwa tunaachiwa nafasi nane. Tumesikia leo hakuna kuachiwa. Basi tumekuja kuzichukua wenyewe."

Anapandisha fimbo, kisha mguu, kisha mguu mwingine. Anamkuta Bwana Quintela amesimama njiani, anamtazama kuanzia viatu mpaka tai.

"Wewe si mtoto wa Albertina wa duka la mkate?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Umenenepa. Sogea ndani, unaziba mlango. Na nishikie huu mkoba."

Bwana Quintela anasogea. Anaupokea mkoba wa viazi, na punde anapokea na wa pili. Wazee wanaketi mmoja mmoja, wakisalimiana kama watu walioingia ukumbi wa harusi, wakiulizana bei ya samaki. Viti karibu vyote vimekwisha. Nyuma yao wanaingia watalii waliokuwa kwenye foleni, wanasimama wamebanana. Katika kundi la mwavuli mwekundu wanapata nafasi watu tisa tu. Kumi na mmoja wanabaki chini.

Bi Leopoldina anageuka kwa mara ya kwanza.

"Tramu imejaa, bosi. Nifunge?"

Bwana Quintela, mikoba miwili mikononi, anatikisa kichwa kukubali. Kanuni imefuatwa neno kwa neno. Waswahili tungesema dawa ya moto ni moto, na sijawahi kuona moto mzuri kama ule.

"Na kesho?" kijana anauliza kupitia dirishani.

"Kesho tupo," anajibu Bi Ermelinda. "Na kesho kutwa. Kushuka hakutuchoshi, na tuko wengi. Leo wengine wameenda kliniki."

Tramu inaondoka. Kwenye kona ya kwanza Bi Leopoldina anapiga kengele mara tatu, na hakuna gari wala mtu mbele yake. Namuuliza kwa nini. Anasema ni kwa sababu anayo.

Kijana wa mwavuli si mjinga. Nafasi nane zilikuwa zinamkatia kundi. Kumi na tisa zitamfungia biashara. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ofisini kwa Bwana Quintela kuondoa malalamiko yake, akisema kwamba akifikiria vizuri, ule utaratibu wa zamani haukuwa na ubaya. Jumatano uamuzi ukatoka: tramu ya Graça itaendelea kufunga mlango zikiwa zimebaki nafasi nane, madereva wote, zamu zote. Bi Leopoldina anabaki kwenye mlima wake.

Je, yeye ndiye aliyewapanga wazee? Anakataa katakata.

"Sikumwomba mtu. Ijumaa nilimwambia Bi Ermelinda, Jumatatu nitapita bila kuwachukua, msinielewe vibaya. Akaniambia 'haya', akaendelea kumenya maharage. Mimi nikadhani hajanisikia vizuri." Anacheka, kisha machozi yanamlengalenga na hayafichi. "Mtu wa miaka themanini na minne ametembea kwa ajili ya kazi yangu. Nitasema najivuna, kwa nini nisiseme? Najivuna mpaka nguo zinanibana."

Amebakiza miaka michache kustaafu. Tangu uamuzi utoke, amepewa na kazi ya kuwafundisha madereva wapya mlima: mahali pa kumwaga mchanga relini mvua ikinyesha ili magurudumu yasiteleze, kona nyembamba ya kupita umebana pumzi, na mlango ufungwe lini. Anawafundisha kwa ukali. Mmoja ameniambia anamwogopa kuliko mteremko wenyewe.

Akistaafu anataka kurudi Graça, hata kama ni kwenye chumba cha kugeukia tu. Ameanza kuuliza bei, na bei zinamjibu vibaya, lakini hajaacha kuuliza.

"Nataka niende sokoni kama wenzangu," anasema. "Ninunue viazi vyangu, nisimame pale kituoni na mkoba. Dereva atakayekuja simjui na hanijui. Sitampungia mkono. Nataka nione kama atasimama."