Mahali pa Chozi

Paskazia, fundi cherehani wa Pasiansi, hakuwa na mkono wa mimea. Mchicha ulimfia, nyanya zilimsusia. Kilichomkubali ni kichaka kimoja tu cha mwituni, alichokichimbua kando ya barabara Usagara na kukipakata ndani ya basi kama mtoto. Kila kiangazi kilikauka, kila mvua kikachipua upya kwenye shina lilelile, kikajaa maua ya rangi ya chungwa.

Venant, mumewe, alikiita gugu. Jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwao Jumamosi, naye akaapa kukifyeka asubuhi hiyohiyo, watu wasije wakasema anafuga nyoka.

Paskazia roho ilimuuma. Maua yale yalikuwa riziki ya chozi, vile vindege vyenye midomo iliyopinda. Jina hilo alifundishwa shuleni, na tangu siku hiyo hakukubali mtu awaite vinginevyo. Ijumaa akachukua kibao, akaandika kwa rangi nyekundu: USIFYEKE. HAPA NI MAHALI PA CHOZI. Akakisimika mbele ya maua.

Jirani yake Masalu alipita, akasoma, akavua kofia. Habari haina miguu lakini ilifika kila nyumba. Asubuhi jumuiya nzima iliingia kimya kimya, akina mama wamejifunga kanga, mchele na sukari mikononi.

"Pole sana, Mama Elias," alisema Masalu.

Paskazia alidhani wamesikia habari za fyekeo. "Asante. Nimezoea kumwona kila asubuhi. Anakuja hapo, anakunywa, anaondoka."

"Alikuwa anakunywa sana?"

"Sana. Anazamisha mdomo wote."

Masalu alitikisa kichwa. "Pombe imetumalizia watu."

Hapo Venant akatokea na fyekeo lake. Mama Gladness, mwenyekiti wa jumuiya, akasimama njiani. "Baba Elias, unafyeka kaburi?"

"Kaburi la nani?"

Macho yote yakamgeukia Paskazia, na ndipo alipoelewa. Angenyamaza, maua yangepona. Lakini wimbo wa msiba ulishaanza, na kumwombea ndege pumziko la milele aliona ni kumjaribu Mungu. Mara chozi mmoja wa kijani akatua, akazamisha mdomo kwenye ua.

"Marehemu ndiye huyo," alisema Paskazia kwa sauti ndogo. "Anaitwa chozi. Hajafa bado. Baba Elias ndiye anayetaka kumuua kwa njaa."

Mama Gladness alikaa chini polepole. "Yaani nimemlilia ndege." Masalu akaanza kucheka, na uwanja mzima ukamfuata.

Lakini rambirambi hairudishwi nyumbani. Walisali, kisha mchele ukapikwa. Venant alikula sahani tatu, akajifuta mdomo, akanyoosha mkono kulichukua fyekeo.

"Baba Elias," alisema Mama Gladness, "chakula cha msiba umekula. Utalifyekaje kaburi?"

Venant aliitazama sahani yake, nyeupe kabisa, kisha akalirudisha fyekeo stoo.

"Ningejua," alisema, "nisingeongeza."