Muganga Aliyeniambia Nife

Mwaka ule tulikula sombe. Mvua iliozesha maharagwe yakiwa bado shambani, viazi vikawa chakula cha wenye harusi, na hapa kwetu Giheke kila nyumba ikatwanga majani ya muhogo asubuhi na jioni, mpaka mate yetu yakawa ya kijani. Anayejua namba za miaka ataisema mwenyewe. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na miaka naihesabu kwa tumbo.

Sombe hiyo ndiyo iliyoniponda kidole. Nilikuwa natwanga uani, jirani yangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nami namwelezea habari za mjukuu wangu anayesomea uuguzi. Jirani ana mjukuu pia, kijana wa kiwanda cha sementi kule Bugarama, na alikuwa anajaribu kumtaja tangu asubuhi. Sikumpa nafasi.

"Wako anatengeneza sementi," nikamwambia, "wangu atatengeneza bantu."

Nikainua mchi juu sana ili neno lishuke na uzito wake. Mchi ukashuka juu ya kidole gumba cha mguu wangu.

Jirani hakusimama hata. "Basi aje akutengeneze."

Sikwenda kwa muganga wa kituo cha afya siku hiyo, wala wiki hiyo. Bibi wa muuguzi anakwendaje kupanga foleni kama muntu asiye na ndugu? Nilikuwa na dawa zangu. Nilipaka dawa ya meno, maana inapoza. Ilipokauka nikapasua betri ya zamani ya redio, nikapaka ule unga wake, kwa sababu ni mweusi na vitu vyeusi vinaonekana kuwa na nguvu. Kucha ilipong'oka, nikasema ni dalili njema. Kidonda kilipofungua mdomo kama kifaranga, ndipo nikavaa sandali za marehemu mume wangu, maana zangu hazikuingia tena, nikaenda kituo cha afya.

Sasa lazima niseme jambo la aibu. Mimi nilizaliwa na kukulia Bukavu, kule Kongo, nikarudi Rwanda tayari nina batoto wane. Kinyarwanda changu ni cha kanisani. Najua kusali, najua kusalimia, na najua kumwambia muntu atoe mbuzi wake katika mihogo yangu. Lakini ukiniuliza, nakijua chote. Sijawahi kumwambia muntu yeyote, "Rudia, sikusikia." Afadhali nife.

Na kufa ndiko nilikoitiwa. Muganga aliyetoka mlangoni alikuwa binti mdogo, muuguzi mgeni, wa kutoka kaskazini, hana hata neno la Swahili. Ameshika bandeji, amechoka, ananiangalia mimi kati ya watu wote wa benchi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mukecuru, ngwino ngupfuke."

Maana yake ni: mama mzee, njoo nikufunge kidonda. Kufunga kidonda ni *gupfuka*. Kufa ni *gupfa*. Mimi nikasikia: mama mzee, njoo ufe.

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Angenipigia kelele ningejua ana hasira tu. Nikasimama mbele ya benchi nzima.

"Anza weye, mwana wangu. Mimi nitakufuata."

Nikatoka. Nilitoka kwa heshima sana, ila sandali moja ilibaki chini ya benchi, na sikuweza kuirudia bila kuharibu ile heshima. Nikapanda kilima na sandali moja, na mguu uliokuwa mtupu ni ule mbovu.

Wiki mbili nilikaa nyumbani nikiwasimulia watu. Mara ya tatu kusimulia, yule muganga alikuwa ameshika makasi. Mara ya tano alikuwa anacheka. Mguu nao ulikuwa unavimba, na ukaanza kutoa harufu. Kuku wakawa wananifuata. Hapo nikaogopa kweli. Muntu anayeishi peke yake juu ya kilima anahitaji miguu kuliko kichwa: maji yako bondeni, kuni ziko bondeni, kanisa liko kilima cha pili. Wakinikata mguu, nitapelekwa kukaa kwa mke wa mwanangu, nile chakula chake huku akinitazama ninavyotafuna. Nilimwomba Mungu aniachie mguu, kiburi achukue. Alichukua muda kujibu.

Mjukuu wangu alikuja likizo. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja.

"Tate, onyesha mguu." Tate ndivyo anavyoniita, yaani bibi.

"Nimeenda kule. Muganga wenu akaniambia nife."

"Alisema nini? Sema vile alivyosema, neno kwa neno."

Nikasema. Kwanza aliniangalia. Kisha akaketi chini kwenye majivu na sketi yake safi, akacheka mpaka akashika mbavu. Aliponieleza, nikamwambia kwamba nilikuwa najua, nilikuwa namjaribu tu.

"Ulikuwa unamjaribu na mguu wako?"

Kesho yake akanirudisha. Ile sandali niliikuta imewekwa juu ya dirisha, imepanguswa. Mjukuu akamweleza muganga kosa langu kwa Kinyarwanda kirefu, na mimi nikawa natazama bango la chanjo ukutani kana kwamba nimelitunga mimi. Binti yule hakucheka. Alipiga magoti mbele yangu, akachukua mguu ule ambao hata mimi nilikuwa naunyima macho, akauweka juu ya paja lake.

"Umepaka nini hapa, mama?" Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa anatafsiri.

"Maji na chumvi."

Akainama, akanusa. "Maji ya wapi haya yanayonukia minti?"

Nikalirudia bango la chanjo. Akaanza kuosha, polepole, bila kuinua kichwa, na akasema neno ambalo mjukuu alinitafsiria akiwa anatabasamu: "Mwambie, akinidanganya nitatibu uongo wake, na kidole kitaoza pembeni. Uozo ukifika kwenye mfupa, si mimi tena. Ni hospitali na kisu."

Ndipo nikataja vyote. Dawa ya meno, hata asubuhi ile. Betri. Majivu, ambayo hata mjukuu hakuyajua. Majani fulani ya jirani, ambayo sijui jina lake na nadhani hata jirani halijui. Yule binti akasikiliza kama padri, kisha akasema bibi yake mwenyewe alipakaga samli ya ng'ombe, na alikuwa na akili kuliko mimi, maana samli angalau inalika.

Jioni mjukuu alifungua daftari lake, akanisomea. Wameandikiwa kwamba msingi wa kazi yote ya uuguzi si sindano, ni uhusiano wa muuguzi na mgonjwa. Kwanza ni wageni wawili. Halafu wanajuana. Halafu wanafanya kazi pamoja.

"Hiyo ni ndoa," nikasema.

"Tate, ni nadharia."

"Na ndoa pia."

Kwa miezi miwili nilienda kila Jumanne na Ijumaa. Mjukuu alikuwa amerudi shuleni, basi tukabaki sisi wawili bila mkalimani. Nilimfundisha Swahili ya Bukavu, yeye akanifundisha Kinyarwanda cha nje ya kanisa. Akanionyesha kwamba kupiga magoti ni *gupfukama*, na nikaona jinsi maneno yale matatu yanavyofanana. Nikamwambia hata muntu mwenye akili angekosea. Hakukubali. Alinipima sukari, akanikemea kwa ajili ya chai yangu, nikamdanganya juu ya chai, akajua. Alinieleza habari za mamake. Nilimweleza habari za mume wangu, pamoja na zile ambazo padri hajawahi kuzisikia. Watu wa benchi walikuwa wananung'unika kwamba kidole kimoja kinachukua saa nzima.

Ijumaa moja alifungua bandeji na hakuchukua nyingine. Ngozi ilikuwa mpya, ya waridi, kama mtoto wa panya. Alipitisha kidole chake juu yake, akatabasamu, akaandika katika kitabu changu cha matibabu, akakifunga.

"Maman, bikwisha. Umepona. Jumanne usikuje tena."

Nilitazama kile kidole. Nilikibonyeza hapa, nikakibonyeza pale, nikitafuta hata maumivu madogo ya kumwonyesha. Hakuna kitu. Kilikuwa kizima kuliko vile vingine vyote.

"Sijapona. Jumanne narudi."

"Maman, angalia weye mwenyewe. Kimefunga. Na bantu banangoja pale inje."

Nikavuta sandali zangu karibu, nikazivaa taratibu, moja, na ya pili.

"Sijapona. Jumanne narudi."